Barua ya wazi kwa wenye filamu zetu: msimvunje kwanza ndipo tumpende

Kwa: Bodi ya Filamu Tanzania, wasimamizi wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, waandaaji, waongozaji na waandishi wa filamu mlioko Dar es Salaam.

Yah: Filamu za maisha ya watu halisi, na wanawake "wasiopendeka"

Waheshimiwa, nawasalimu. Walio wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni mkazi wa Magomeni Mapipa. Kwa miaka minne sasa, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, tunatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani kwetu, tunakodi projekta, tunatandika mikeka, na majirani wanakuja kutazama filamu. Kila anayekuja anatoa chochote cha kununulia luku. Wanakuja mama lishe waliokwisha kufunga biashara, vijana wa bodaboda, wanafunzi wa vyuo, na vijana wanne watano wanaojifunza kushika kamera. Filamu nyingi ni za Kiingereza, na kazi yangu ni kutafsiri. Nakaa kwenye kigoda karibu na spika, kipaza sauti mkononi, nasema kwa Kiswahili kila kinachosemwa kwenye shuka. Watu wawili wakigombana, nagombana peke yangu kwa sauti mbili. Kazi hii niliipenda tangu utotoni, kwa kuwasikiliza watafsiri wa kwenye vibanda umiza, ila mimi siongezi la kwangu. Kilichosemwa ndicho ninachosema.

Nawaandikia kwa sababu ya jambo ambalo nisingeliona kama ningekuwa natazama tu. Nililijua kwa koo langu.

Mwezi mmoja tuliweka The Social Network, filamu ya 2010 iliyoongozwa na David Fincher na kuandikwa na Aaron Sorkin, inayosimulia jinsi Mark Zuckerberg alivyoanzisha Facebook akiwa mwanafunzi wa Harvard, Marekani. Uani hakuna asiye na Facebook au asiyewahi kuwa nayo, kwa hiyo watu walijaa mpaka mlangoni. Filamu ile ina maneno. Wanaume wanaongea kama mvua ya masika, huyu hajamaliza yule kaanza, na baada ya nusu saa koo lilikuwa limenikauka. Nikaanza kuvizia nafasi za kupumua. Ndipo nilipogundua ziko wapi: ziko pale wanawake wanapoingia. Wasichana wanacheza muziki kwenye sherehe, nanywa maji. Wasichana wawili wamekaa chumbani, wavulana wanagawana kazi za kampuni mbele yao, nanywa maji. Mmoja anauliza kama na wao kuna kazi wanayoweza kufanya. Anajibiwa hakuna. Nikatafsiri neno moja, "hapana," nikarudia chupa yangu.

Kwa saa mbili nzima, wanawake walioipa sauti yangu kazi yenye uzito walikuwa wawili, wa mwanzo na wa mwisho. Wa mwanzo ni Erica, mpenzi anayemwacha Mark wakiwa baa, anayemwambia kwamba ataishi akidhani wasichana wanamkimbia kwa sababu yeye ni mtu wa kompyuta, kumbe wanaikimbia roho yake mbaya. Wa mwisho ni wakili kijana wa upande wake Mark mwenyewe katika kesi alizofunguliwa juu ya Facebook, ambaye chumba kikiwa kimebaki kitupu anamwambia kwamba yeye si mtu mbaya, ila anajitahidi sana aonekane mbaya. Mwanamke anafungua kesi, mwanamke anaifunga, na mshtakiwa anatoka moyo umesafishwa.

Mwishoni kabisa Mark anabaki peke yake na kompyuta. Ametuma ombi la urafiki kwa yule yule Erica. Anabofya, anasubiri, anabofya tena. Uani palikuwa kimya, hata watoto. Na mimi mwenye kipaza sauti nilikuwa na donge kooni. Nilimhurumia. Nataka mlijue hilo mapema, kwa sababu barua hii haiandikwi na mtu aliyekwenda kutazama akiwa amenuna. Ile ni kazi iliyotengenezwa na mafundi. Ilipata Oscar tatu, mojawapo ya uandishi, na mimi niliyeyabeba maneno yake yote mdomoni usiku mmoja nasema ilistahili.

Halafu jirani yetu mmoja, mama anayeuza vitumbua asubuhi, akauliza kutoka kwenye mkeka wa nyuma: "Na yule binti, ikawaje kwake?"

Nikabaki na kipaza sauti mkononi. Filamu inamwonyesha akipata habari za aliyoandikwa mtandaoni, maumbile yake yakianikwa mbele ya chuo kizima, na baadaye inampa nafasi fupi ya kumjibu Mark mgahawani. Baada ya hapo anageuka jina kwenye skrini, kitu cha kubofya. Nikamjibu yule mama kwamba hatuambiwi. Akasema, "Basi na huruma yetu nusu imepotea njiani."

Neno hilo lilinikosesha usingizi, nikaenda kusoma. Erica ni jina la kutungwa. Mwanamke wa kweli, Priscilla Chan, ambaye Zuckerberg alikutana naye Harvard mwaka 2003 na wakafunga ndoa 2012, hayumo kwenye filamu kabisa. Zuckerberg mwenyewe amelalamika hadharani kwamba filamu ilimfanya aonekane alianzisha mtandao ili apate wasichana. Lakini Facemash ilikuwepo kweli: Oktoba 2003 aliweka mtandaoni picha za wanafunzi wenzake wawiliwawili ili watu wachague nani ana sura nzuri zaidi. Chuo kilimwita ajieleze. Miongoni mwa waliolalamika ulikuwa umoja wa wanafunzi wanawake Weusi wa Harvard. Wale walikuwa watu wenye majina na wenye hoja, na walijua wamefanyiwa nini. Kwenye filamu hatukai nao hata dakika moja. Tunakaa na mtu wa kutungwa anayeachwa njiani, na wa kweli wanapita kama upepo.

Sorkin alipoulizwa juu ya wanawake hawa alijibu hadharani kwamba alikuwa anaandika habari za kundi la vijana wenye hasira na chuki dhidi ya wanawake, na kwamba alichoonyesha ndicho kilichokuwepo. Jibu hilo nalipokea nusu. Ni kweli mwandishi hana kosa kuonyesha mtu mbaya akiwa mbaya, na sitaki kesho mtu yeyote akalitumie jina langu kudai filamu zenye malaika watupu. Lakini mtu anayedharau wanawake hawaoni. Hiyo ndiyo dharau yenyewe. Kamera nayo isipowaona, basi haijamwonyesha mwenye dharau. Imekwenda kukaa upande wake na kutazama kwa macho yake. Nilichokitaka ni kamera ijue kitu ambacho Mark hakijui. Dakika mbili tu zingetosha: Erica darasani asubuhi ya pili, watu wakimgeukia.

Sisi wa Bongo tuna neno letu, stelingi. Tangu enzi za kanda tunaambiana stelingi hafi. Filamu za maisha ya watu zimeniongezea la pili: stelingi akiwa mwanamume, awe mkatili, awe msaliti, hakosi sababu. Bondia anampiga mkewe, tunaonyeshwa ngumi zilizomharibu yeye kwanza. Tapeli anaibia watu akiba zao, tunacheka naye kwenye meli yake. Akiwa bado amesimama na jeuri yake, tunaingizwa ndani ya kichwa chake tukaone kunafananaje.

Nikajiuliza, je, akiwa mwanamke? Mwezi uliofuata nikaweka The Iron Lady, ya 2011, juu ya Margaret Thatcher. Hii imeongozwa na mwanamke, Phyllida Lloyd, imeandikwa na mwanamke, Abi Morgan, na Meryl Streep alipata Oscar kwa kuigiza. Nikasema moyoni, leo koo halitapumzika.

Na niseme wazi, Thatcher simpendi. Alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1979 hadi 1990. Kabla ya hapo, 1971, akiwa waziri wa elimu, alifuta maziwa ya bure shuleni kwa watoto waliozidi miaka saba. Alipinga vikwazo vizito vya kiuchumi dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini, na 1987 alikiita chama cha ANC kundi la kigaidi, wakati huohuo watoto wa ANC walikuwa wanasoma hapa kwetu, Mazimbu, Morogoro, kwenye shule yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu 1979. Kuna mzee jirani yetu aliyefanya kazi Morogoro miaka hiyo. Aliposikia filamu ni ya Thatcher alikuja kabla ya magharibi, akachukua kiti cha mbele. Alikuja kugombana naye.

Filamu haikumpa mtu wa kugombana naye. Inafungua na bibi kizee dukani, ananunua maziwa, hakuna anayemtambua. Amepoteza kumbukumbu, anaongea na mumewe ambaye amekwisha kufa. Kila tunapokaribia jambo la kumuuliza, migomo ya wachimba makaa, vita vya 1982 na Argentina juu ya visiwa vya Falklands, tunavutwa kurudi chumbani kwa mgonjwa. Mzee wangu wa mbele alianza kwa kukunja mikono. Katikati nikamsikia anasema polepole, "Maskini, bibi wa watu." Na filamu ilipokwisha alikuwa na hasira, akaniambia mimi kana kwamba nimemwibia: "Nilikuja na maswali yangu. Mtu anamuulizaje mgonjwa?"

Kuna kikombe cha chai mle ndani ambacho sitakisahau. Margaret akiwa msichana, Denis anapomposa, anamwambia hawezi kuwa mke wa kukaa jikoni, hawezi kufa akiosha kikombe cha chai. Mwisho wa filamu yuko peke yake jikoni, anaosha kikombe cha chai. Nimetafsiri vifo vingi pale uani, watu wakipigwa risasi, wakizama baharini. Sijawahi kutafsiri adhabu kama ile, na haikuwa na neno hata moja la kutafsiri. Mwanamke alisema hataki kitu fulani, akaishi miaka 11 akiwa na mamlaka kuliko mtu yeyote nchini mwake, na filamu ikangoja mpaka akachoka ndipo ikamkabidhi kile kikombe. Alikuwa bado hai ilipotoka. Alifariki Aprili 2013. Hata waziri mkuu wa wakati huo, David Cameron, wa chama chake, alisema filamu ile ilihusu zaidi uzee na ugonjwa kuliko uongozi wake. Mimi na Cameron hatukubaliani juu ya uongozi wenyewe, lakini kwa hilo aliona nilichokiona.

Hapo ndipo niliposhika jambo ninalotaka kuwaambia. Mark alieleweka. Margaret alihurumiwa. Watu huchanganya mambo haya mawili kwa sababu yote yanatoa machozi. Kumwelewa mtu ni kukaa naye akiwa bado na nguvu ya kukuumiza. Kumhurumia ni jambo tunalomfanyia asiyeweza tena. Mwanamume asiyependeka tunamwelewa akiwa amesimama. Mwanamke asiyependeka tunangoja aanguke. Na anapoanguka anapoteza vyote viwili: hapati heshima ya kueleweka, na sisi hatupati haki ya kumdai. Yule mzee alinyimwa hasira yake. Thatcher naye alinyimwa akili yake, ambayo kwa mema na mabaya ndiyo iliyokuwa mali yake kubwa.

Mnaweza kuniuliza, Waheshimiwa, haya ya Wazungu yanatuhusu nini.

Nimeandika mswada wa filamu juu ya shangazi yangu, aliyekuwa tajiri wa samaki pale soko la Feri kwa zaidi ya miaka 20. Alianza na ndoo moja ya dagaa, akaishia kununua mashua. Shangazi hakuwa mtu wa kupendeka. Alikuwa na mdomo. Kwenye mnada alipandisha bei mpaka wachuuzi wadogo wanaondoka na ndoo tupu. Deni lake hakulisamehe. Kuna mwaka rafiki yake alifiwa na mume. Shangazi alikwenda msibani, akakaa siku tatu, akapika, akasugua masufuria makubwa yale ya shughuli kwa mikono yake, usiku akalala jamvini na mfiwa. Siku ya nne asubuhi, watu wanaaga, akamdai mfiwa pesa zake. Nilikuwepo, nina miaka 12, nimeshika kapu lake. Yule mama alimtazama, akaingia ndani, akatoka na noti zimefungwa kwenye pindo la kanga. Shangazi akazihesabu pale pale. Kisha akazirudisha nusu na kusema, "Hizi za mchele wa arobaini." Mpaka leo sijui kama nampenda au namwogopa, na ndiyo sababu niliandika.

Nikaupeleka mswada kwa mtayarishaji mmoja hapa mjini. Alisoma nikiwa nimekaa mbele yake. Akachukua kalamu nyekundu, akazungushia ukurasa ule wa msiba, akasema: "Huyu mama hapendeki. Mpe ugonjwa." Nikadhani sikusikia. Akaendelea, kwa upole kabisa, kama fundi anayemshauri mwanafunzi: kansa, au mtoto afe, lakini kabla ya ukurasa wa 10, ili mtazamaji ajue mapema kwamba ana uchungu. Kama sivyo, basi mwisho apige magoti kwa wale wachuuzi aombe radhi. Siku hiyohiyo mezani pake kulikuwa na mswada mwingine, wa maisha ya mwanamume mmoja aliyewahi kuuza unga, na aliniambia kwa fahari kwamba huo unaingia kambini mwezi ujao. Nikamuuliza, huyo naye ana ugonjwa gani? Akacheka, akasema, "Huyo ana msimamo."

Simtaji, kwa sababu si mtu mbaya, na kwa sababu angeweza kuwa yeyote kati yenu. Aliniambia anachokiamini kuhusu soko. Lakini mimi nina uani uliojaa kila mwezi, nami nawaambia kuhusu soko: yule mama wa vitumbua anamjua shangazi. Amewahi kudaiwa naye. Amewahi kuwa yeye. Hahitaji kansa ili amtambue.

Naogopa zaidi kwa ajili ya walio wakubwa kuliko shangazi. Kila siku nikienda mjini napita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, pale Mnazi Mmoja, na kila nikipita najiuliza filamu yake kubwa itakuja siku gani, na itakuwa ya namna gani. Kwa vijana wasiomjua zaidi ya jina la barabara: alizaliwa 1926 hapahapa Dar es Salaam. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, kiongozi wa sauti katika kundi la Bomba. Mwaka 1955, TANU ikiwa na mwaka mmoja tu, alichukua uongozi wa wanawake wa chama, akapita kwenye vikundi vya ngoma vya mji huu akikusanya wanachama, wanawake kwa maelfu. Baada ya Uhuru mambo yakageuka. Azimio la Arusha la 1967 lilipokataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, yeye alikuwa nazo, hakukubali, akatoka kwenye uongozi. Mwaka 1969 akakamatwa, 1970 akasimama kwenye kesi ya uhaini, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 akatolewa kwa msamaha wa Rais. Alifariki mwaka 2000.

Nawaomba mniambie kwa dhati ni kipande kipi kati ya hivyo mnachokiona kichwani mnaposikia "filamu ya Bibi Titi." Wengi tutaona gereza. Mwanamke amejikunyata kwenye kona, mwanga unaingia kwa dirisha dogo, analia, muziki wa zeze. Ndicho kikombe chetu cha chai. Mimi nataka kipande kigumu: chumba cha mkutano cha 1967, Bibi Titi anasema hapana mbele ya watu waliomzoea akisema ndiyo kwa wimbo. Anatetea nyumba zake. Katika nchi iliyofundishwa kumpenda Mwalimu na Azimio lake, pale ndipo asipopendeka. Mtazamaji ana haki ya kukasirika naye, ya kumwita mbinafsi hata. Lakini muwekeni kamera karibu na uso wake kwa muda uleule ambao mngempa mwanamume. Mtuonyeshe nyumba zile zilikuwa nini kwa mwanamke wa mjini ambaye ndoa ingeweza kuvunjika kesho na asiwe na pa kulala. Baada ya hapo tutaamua wenyewe kama tunakubaliana naye.

Na msije mkaniambia kwamba jamii yetu haiwezi kumpenda mwanamke mkaidi, mkanitajia Bi Kidude. Bi Kidude tulimpenda kweli, akivuta sigara yake jukwaani, akisema atakalo, hata dunia ikamtunuku tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Lakini alikuwa kikongwe. Ukongwe ulimlipia. Mwanamke wa miaka 30 mwenye sigara ileile na mdomo uleule, nyie wenyewe mnajua angeitwa nini Kariakoo, na angepewa nafasi gani kwenye filamu zetu: mchepuko, au wifi mchawi. (Wapo waigizaji wetu wazuri kabisa waliozeeka wakicheza nafasi hizo mbili tu, na hilo nitaliandikia barua yake siku nyingine.)

Sasa nieleze ninachoomba, kila mmoja kwa sehemu yake.

Ninyi Bodi mna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 mkononi, na miswada inapita kwenu. Siombi mkaze zaidi; tayari waandishi wengi wanaandika huku wakiogopa. Naomba tu kwamba mkikuta mwanamke anatukana, anavuta, anadai, anakataa kuomba radhi, na kalamu ikataka kuandika "maadili," mjiulize kwanza kama mngeiandika endapo angekuwa Juma. Ikiwa Juma mngemwita mhusika mwenye nguvu, basi huyu naye ndiye.

Ninyi wa Mfuko, mnaotoa mikopo: filamu za maisha ya watu halisi ni ghali, zinahitaji mavazi, magari ya zamani, ruhusa za familia. Mwanamke asiye na ugonjwa kwenye ukurasa wa 10 anaonekana hasara kwa wenye pesa binafsi. Hapo ndipo penye kazi yenu.

Na ninyi mnaotengeneza, wanaume kwa wanawake, maana nimesema The Iron Lady ilitoka mikononi mwa wanawake na bado ikafika kwenye kikombe. Mkitengeneza maisha ya mwanamume mgumu, nendeni mkawatafute wanawake waliokuwepo kweli. Waulizeni, na kama wameshakufa waulizeni watoto wao. Wapeni majina yao, na muwaachie neno la kusema ambalo halihusu kumsamehe yeye. Mkitengeneza maisha ya mwanamke mgumu, msimtafutie kansa. Mwacheni ahesabu pesa zake msibani, na msigeuze kamera.

Mswada wa shangazi bado ninao, na ukurasa wa msiba uko vilevile na duara lake jekundu. Sitaubadilisha.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu tunarudia The Iron Lady. Yule mzee wa Morogoro ndiye aliyeomba. Ameandika maswali yake kwenye daftari, amesema safari hii atamuuliza Thatcher kwa sauti, na nimemkubalia kwamba kila atakapouliza nitasimamisha filamu, ugonjwa usubiri. Mama wa vitumbua ameahidi kumjibia Thatcher pale anapoweza. Tunaanza saa moja na nusu usiku, baada ya magharibi. Mnakaribishwa wote, viti vya mbele tumewawekea.

Wenu katika kazi hii,

Mtafsiri wa uani,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam